Kipande Alichokiona Mama Mkwe

Tumbo langu lina makovu mawili. La kwanza nililipata Tabora nilipopasuliwa kumzaa binti yangu Mwamini. La pili nililipata Kigoma, mwaka ambao kijiji chetu kilipata mashine ya kusaga, nalo ni nene kuliko lenzake na limeukunja ukingo wa kitovu. Siyafichi. Wanawake wanaonijia kuniuliza habari za kutolewa kizazi nawaonyesha kwanza, ndipo tuongee. Haya nayaandika kwa ajili ya wale wasioweza kunifikia.

Naitwa Mwavita, mzaliwa wa Ujiji. Wazazi wangu walitoka ng'ambo ya ziwa, Kongo. Shule niliiacha darasa la nne kwa sababu sikuweza kuona lori linaondoka nisitake kujua linakwenda wapi. Nimeuza mawese Kasulu, nimepikia mafundi wa reli Tabora, nimekaa miezi mitatu Kalema kwa kuwa nilitaka tu kujua sabuni inagandaje. Ramadhani, mume wangu, ambaye ni mvuvi, alinioa akijua hivyo. Mama yake, Bi Kashindi, alinikubali bila kunielewa. "Huyu si mke," aliwaambia majirani nikiwa nasikia, "huyu ni upepo uliovaa kanga."

Tulipohamia kijiji cha ujamaa, upande wa Simbo, nilikuwa na mimba ya pili. Nesi wa zahanati, Yustina, aliponipima aliligusa lile kovu la Tabora, akaacha kutabasamu.

"Wewe hujifungulii hapa," alisema. "Mwezi wa mwisho uhamie mjini, ulale karibu na hospitali. Umenisikia, Mwavita?"

"Nimekusikia."

"Umenisikia kwa masikio au kwa miguu?"

Nilikwenda. Shangazi yangu wa Gungu alinipokea, akanipa kitanda na chakula, akanikataza hata kuchota maji. Nikakaa siku sita. Siku ya saba nikasikia sokoni kwamba lori la kupeleka mashine ya kusaga kijijini kwetu linaondoka. Maisha yangu yote nilikuwa nimetwanga kwa mchi, sijawahi kuona mashine ikiwashwa mara ya kwanza. Nikamwomba dereva, Zakaria, Muha mmoja mcheshi, anipakie mbele. Nilijiambia nitarudi kesho yake na lori lile lile.

Hilo ndilo kosa langu, na nalitaja mapema ili asije akalaumiwa mtu mwingine. Niliambiwa mahali pa kukaa, nikaondoka kwenda kutazama mashine.

Waliifunga asubuhi iliyofuata. Fundi akazungusha mpini mara tatu, mashine ikakohoa, ikatema moshi mweusi, ikanguruma. Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa nimeinama nikichungulia jinsi mkanda unavyolivuta gurudumu, maji yakanishuka miguuni. Yustina alipoletewa habari alifika mbio, mikono kiunoni.

"Nilikwambia nini mimi?"

Akanishika mkono, akanipeleka zahanati. Mtoto alitoka upesi, wa kiume, analia kwa sauti nzito. Tulimwita Issa, lakini kijiji kizima kinamwita Mashine mpaka leo.

Kondo la nyuma lilichelewa. Yustina alilisubiri, akalivuta taratibu, likaja. Papo hapo akaitwa chumba cha pili, kulikuwa na mtoto mwenye degedege. Akaliweka kondo kwenye beseni, akampa Bi Kashindi, aliyekuwa kando yangu, kama ilivyo ada, akatoka.

Sasa nieleze ada yenyewe. Kwetu sisi watu wa ng'ambo, kondo huzikwa na mama wa mume. Haliendi shimoni hivi hivi. Huoshwa kwa maji ya vuguvugu, hutandazwa juu ya jani la mgomba, na yule mama hupitisha kidole ukingoni kuzunguka lote, kama mtu anayekagua mkeka kama umeshonwa mpaka mwisho. Likiwa kamili analifunga na kulizika. Nilipomzaa Mwamini, Bi Kashindi alinuna miezi miwili kwa sababu la mtoto yule lilibaki Tabora na hakuliona. Nilikuwa nikimtania juu ya hilo. Nilimwambia mambo ya kukagua nyama yaachwe kwa wachinjaji.

Nilikuwa nimelala na mtoto kifuani, nikihisi damu inanitoka lakini kidogo kidogo, kama kitambaa kinachochuruzika. Sikuumwa popote. Nikamsikia Bi Kashindi akirudi kutoka uani, na Yustina akimkuta mlangoni.

"Bibi, vipi? Unalirudisha? Limekataa shimo?"

"Halijatimia."

"Halijatimia nini?"

"Njoo uone. Hapa pana pengo. Pengo la vidole vitatu. Hiki kipande kiko wapi?"

"Bibi Kashindi, jamani, nina kazi. Hilo limechanika tu lilipokuwa linatoka."

"Likichanika, kingo zake zinakutana. Mimi nimezika kumi na saba, wewe umezika mangapi? Kipande kimebaki kwa huyu mtoto wangu. Tazama!"

Yustina akainamia beseni. Kisha Yustina akaingia, uso umebadilika, akanifunua. Nguo niliyolalia ilikuwa imelowa kutoka mgongoni mpaka magotini. Alipouminya mfuko wa uzazi kwa juu, donge kubwa likatoka, na nyuma ya donge damu ikafuata bila kukatika. Nilitaka kuuliza kitu. Naikumbuka hamu ya kuuliza, swali lenyewe silikumbuki.

Namsifu Yustina kwa yaliyofuata. Hakupoteza muda kujitetea. Alinichoma sindano, akamtuma mtu kumzuia Zakaria asiondoke na lori, akanipandisha juu ya magunia matupu, naye akapanda. Akakunja ngumi, akaikandamiza juu ya kitovu changu mpaka nikahisi inagusa uti wa mgongo. Njia nzima kutoka kijijini hadi Kigoma hakuuondoa mkono ule. Lori liliporuka shimo, aliruka nao. Bi Kashindi alikaa kichwani pangu, mtoto amefungwa mgongoni, na mapajani amelipakata beseni lenye kondo, limefunikwa na jani.

"Hilo beseni la nini, Mama?" nilimuuliza.

"Daktari hataniamini kwa maneno. Nyamaza, weka nguvu."

Tulifika hospitali jua likiwa utosini. Benchi la nje lilijaa watu, na nakumbuka wote walivuta miguu yao kwa pamoja kutupisha, kama watu waliofundishwa. Daktari alikuwa mtu mrefu, mpole wa maneno. Bi Kashindi hakumsalimia. Alimfunulia beseni, akamwonyesha lile pengo kwa kidole. Daktari akalitazama, akamtazama yeye, akasema, "Ahsante, mama. Umenipunguzia kutafuta."

Aliingiza mkono akitafuta kipande. Nililia, na sioni aibu. Akatoa vijipande viwili, kingine kikakataa. Kilikuwa kimeshika pale pale penye kovu la Tabora, kama mzizi ulioingia kwenye ufa wa ukuta. Akanijaza shashi ndefu, nesi anaikunjua huku, yeye anaisukuma kule, sikujua kuwa ndani yangu kuna nafasi ya kitambaa kirefu namna ile. Akasema tungoje tuone.

Kungoja kule ndiko ninakokukumbuka kuliko kisu. Baridi mchana wa jua kali. Viganja vyangu vyeupe kama vya mtu aliyefua kutwa nzima. Moyo ukipiga mbio kama mashine ya kusaga isiyo na mahindi ndani. Nje ya dirisha nilimsikia mtu wa damu akiwauliza waliokuja nami nani atatoa. Damu ya Bi Kashindi haikupatana na yangu. Ya Zakaria ilipatana.

"Mimi ni Muha, jamani," nilimsikia akisema, na sauti yake ilitetemeka ingawa alitaka kucheka. "Mkimtia damu yangu ataamka anawasalimia 'mwakeye'. Msije mkanilaumu."

"Toa damu wewe, acha maneno," Yustina akamwambia. "Akiamka anasalimia Kichina pia tutamwitikia."

Chupa ya Zakaria iliingia mkononi mwangu, na shashi ikalowa yote. Daktari akaja, akainama karibu na uso wangu. Aliongea nami mwenyewe, si na wengine kunihusu.

"Mwavita, nitafungua tumbo. Nitafunga mishipa inayoleta damu, wa kulia na wa kushoto. Damu ikikubali kusimama, nitaishia hapo. Ikikataa, nitatoa kizazi. Hutazaa tena."

Karani akauliza mume yuko wapi atie sahihi. Ramadhani alikuwa kambini na wavuvi wa kijiji, mbali kusini. Karani akasema basi atafutwe mwanamume wa ukoo. Bi Kashindi akasogea mpaka mbele ya daktari.

"Kikitoka, ataishi?"

"Naamini ataishi."

"Kikibaki?"

Daktari akatikisa kichwa.

"Sasa unatafuta mwanamume wa nini? Mimi ndiye niliyemwozesha mwanangu. Ng'oa! Na huyu mwenyewe ana akili zake, anajua kuandika. Mpeni karatasi."

Nikaandika jina langu. Herufi zilipanda mlima, lakini zilisomeka, nami nimeiona karatasi ile baadaye kwa macho yangu. Mwavita. Darasa la nne lilitosha.

Nilipoamka kulikuwa na mwanga kwenye pazia, na sikujua ni wa siku gani. Koo lilikauka. Chini ya kitovu nilihisi kama nimefungiwa tofali la moto. Nikauliza mtoto. Wakaniambia ananyonya. Nikauliza ananyonya kwa nani, maana matiti yangu yalikuwa matupu kama mifuko. Kitanda cha pili alilala Mama Ndabagoye kutoka kijiji cha mbali huko milimani, amejifungua msichana, na Kiswahili chake kilikuwa kidogo. Alikuwa amempakata Mashine upande mmoja na binti yake upande wa pili. Aliniona namtazama, akacheka, akasema, "Huyu mwizi. Anakula ya mwenzake." Alimnyonyesha siku tisa. Hatukuwa ndugu, dini mbali, lugha mbali. Siku ya kumi, nikiwa nimeegemea ukuta nakunywa uji, nilihisi kifua kinachoma, gauni likalowa mbele. Maziwa. Nililia mpaka nesi akadhani mshono umefumuka.

Kizazi kilitolewa. Niliposhika akili nikataka kujua ilikuwaje, na daktari kila akipita kitandani nilimshika koti. Mwishowe alikaa. Akachora nyuma ya karatasi ya homa mfano wa kibuyu kilichogeuzwa, na mishipa miwili inakijia ubavuni.

"Kwa nini hukuanza na kutoa?" nilimuuliza.

"Ungekufa mkononi mwangu nikitafuta njia ndani ya damu. Nilifunga huku na huku kwanza. Damu ikapungua, nikaona ninachokifanya. Nikangoja nione kama itasimama. Pale penye kovu haikusimama. Ndipo nikakata."

"Ulingoja muda gani?"

"Wewe ulitaka kuwa daktari?"

"Nilitaka kuwa kila kitu."

Akacheka, akaniachia ile karatasi. Ninayo.

Bi Kashindi yeye alikuwa na kesi yake. Alimfuata daktari kwenye veranda akadai apewe kilichotolewa. Manesi wakashikwa na aibu, mmoja akamwambia vitu hivyo havitolewi kwa watu. Akasema yeye si watu, yeye ni bibi wa mtoto, na ana nusu ya kitu ndani ya beseni, hawezi kuzika nusu. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaagiza kiletwe, akakipasua mbele yake juu ya trei, akamwonyesha kipande kilivyong'ang'ania kwenye nyama. Bi Kashindi akakiweka ukingoni mwa lile pengo, kando ya vile vijipande viwili vya kwanza. Kikakaa. Yustina, ambaye alikuwa bado hajarudi zahanati, ndiye aliyenisimulia. Alisema yeye na daktari na manesi wote walisogea kutazama, na Bi Kashindi akasema: "Sasa limetimia." Akalifunga, akapanda lori la Zakaria, akaenda kulizika nyuma ya nyumba yetu mpya.

Ramadhani alifika siku ya tatu, ananuka moshi wa karabai na dagaa. Alikaa kwenye kiti akaitazama dripu muda mrefu.

"Nilitaka watoto wanane," alisema.

"Unao wawili na mke. Ungeweza kuwa na wawili bila mke."

Nyuzi zilitolewa siku ya kumi na mbili, nikarudi kijijini mvua za kwanza zilipoanza. Nilitembea nimeinama kama mtu anayetafuta sindano iliyopotea. Mahindi yalipokuwa usawa wa goti, nywele zilinikatika kwa mafungu kwenye chanuo. Yalipotoa mbelewele, nywele zikaanza kuota, laini kama za mtoto. Kila mwezi nilingoja ile siku yangu kwa mazoea, na siku ilipita kimya. Hilo lilinihuzunisha kuliko nilivyotarajia, na ninawaambia mlio kwenye njia hii: huzuneni, haina ubaya, kisha kuleni maini na mchicha na mmeze vile vidonge vyekundu vya kuongeza damu hata vikiwafunga tumbo.

Ramadhani alizidi kukaa kambini. Kaka yake alianza kumtafutia mke Ilagala. Habari zilipomfikia Bi Kashindi, aliwaita wote wawili, akawakalisha uani kwangu, mimi nikiwa jikoni nasikia.

"Mimi ndiye niliyesema kitolewe," aliwaambia. "Mwenye kesi ailete kwangu, asiipeleke Ilagala. Ramadhani, ulikuwa unavua. Mimi nilikuwa kwenye lori. Nilimshika kichwa huyu mpaka kikawa baridi. Unataka kuniambia nilikosea?"

"Hapana, Mama."

"Sema kwa sauti, mkeo asikie."

"Hukukosea, Mama."

Hakurudi kuwa yule wa zamani siku hiyo. Alirudi polepole, kama uzito wa mwili wangu ulivyorudi. Mavuno yalipoingia alikuwa analala nyumbani, na jioni moja akiniosha mgongo aliuliza kama kovu bado linauma. Nikajua tumevuka.

Mara ya mwisho kwenda kupimwa, kiangazi, nilitembea kwa miguu yangu kutoka Gungu hadi hospitali, Mashine mgongoni, bila kupumzika njiani. Daktari akanibonyeza tumbo, akasema nisirudi tena. Nilitoka nje nimeinua kichwa kama mtu aliyetoka jeshini.

Kwenye benchi palikuwa na mwanamume ameshika karatasi. Karatasi ilikuwa tupu mahali pa sahihi. Ndani, mlango ukiwa wazi nusu, nilimwona mkewe amelala, viganja vyeupe. Nilivijua viganja vile. Nesi alitoka akamwambia, "Baba, bado?" Akajibu, "Nafikiri." Nesi akarudi ndani anatikisa kichwa.

Nikakaa kando yake. "Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

"Umeambiwa kizazi kitatolewa?"

Akanitazama kwa hasira. "Nani kakwambia?"

Nikamfungua Mashine mgongoni, nikamweka mapajani pake kabla hajakataa. Mtoto akamshika ndevu. Kisha, pale pale kwenye benchi, mbele ya watu, nikasogeza kanga nikamwonyesha kovu lilipoanzia.

"Huyu uliyempakata, mama yake hana kizazi," nikamwambia. "Ndiye mimi. Nimetembea kutoka Gungu. Asubuhi nimesonga ugali. Nitazame vizuri, uniambie nimepungukiwa nini."

Alinitazama. Alimtazama mtoto, aliyekuwa ameanza kumkojolea suruali. Hakumwondoa.

"Wakimfungua atafika ulipofika wewe?" akauliza.

"Sijui. Mimi nilifika. Lakini ukiendelea kukaa hapa hatafika popote."

Alinyanyuka, mtoto bado mkononi, suruali imelowa, akaingia ndani anamwita nesi. Ilibidi nimfuate kudai mwanangu.

Yule mwanamke yuko hai. Anaishi Ilagala, anauza samaki, na akija mjini hupita kijijini kwetu akaingia ndani bila kupiga hodi.